Zuu na ngazi 999 (au sijui ngapi)

MUDI: Haya karibuni tena jamani, Zuu leo kakaa kama bi harusi, hata maji anaagiza.

ZUU: Magoti, Mudi! Tangu Jumanne. Si niliwaambia semina ya Athens ikiisha nabaki, basi nikadandia basi, kama masaa mawili hivi nikashuka Nafplio, mji wa pwani hukohuko Ugiriki, vichochoro, mabogonvilia, yani unatamani kahawa tu ukae. Mie nikainua macho nikaona ngome.

MUDI: Kiherehere.

ZUU: Palamidi inaitwa. Waveneti wameijenga 1711 mpaka 1714, halafu 1715 Waturuki hao, wakaibeba. Hata rangi haijakauka!

MUDI: Ukapanda.

ZUU: Nikapanda. Sasa mji mzima wanakwambia ngazi 999. Nimehesabu moja moja mpaka getini, mia nane hamsini na kitu.

MUDI: Hiyo "na kitu" ndo ngazi ngapi?

ZUU: Kuna mzee alinisalimia hapo katikati nikapotea kidogo.

MUDI: Ahaa! Kumbe mzee kala ngazi mia na arobaini.

ZUU: Wee! Salamu moja? Wenyewe wana hadithi eti zilikuwa 1000, moja farasi wa Kolokotronis, yule jemadari wao, akaivunja kwa kwato. Yani uongo wameutafutia na farasi.

MUDI: Sio uongo, hilo ni jina. Kariakoo jina limetoka kwa "Carrier Corps", wapagazi wa jeshi la Mwingereza, leo wapo? Hawapo, na hatujabadilisha jina.

ZUU: Kariakoo sio namba! Ukiniuzia kilo ikawa robo tatu utaniambia "kilo" ni jina?

MUDI: Ngazi hawakuuzii.

ZUU: Wameniuzia magoti!

MUDI: Mtu akishafika juu anasema 999, utamu uko hapo. We unaenda na kalkuleta.

ZUU: Mi namba ni namba, sitoki hapo.

MUDI: Na mimi sitoki. Halafu nimegugo hapa, kuna barabara ya gari nyuma inafika mpaka juu.

ZUU: ...Umejua lini?

MUDI: Jumatatu.

ZUU: Mudi, mungu anakuona.

MUDI: Tumebakiza dakika mbili na tuliahidi mambo matatu, nauli, chakula, na kile kijingome cha baharini.

ZUU: Bourtzi. Cha 1473, baadaye wakaishi humo wanyongaji wa gereza la Palamidi maana mjini hawakutakiwa, halafu ikaja kuwa hoteli, ningewaeleza vizuri ila huyu kaka na ngazi zake. Nauli na samaki tutasema siku nyingine. Ila Kapodistrias lazima, kiongozi wao wa kwanza, Nafplio ikiwa ndo makao makuu, 1831 akapigwa risasi mlangoni mwa kanisa la Agios Spyridon akienda kusali. Alama ya risasi ipo ukutani mpaka leo, wameiwekea kioo, nimesimama pale mwili umenisisimka.

MUDI: Pale kanisani ngazi ngapi?

ZUU: Zima maiki.