Mfanyakazi Wako Anapiga Hesabu Gani?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja, maana najua wengi wenu mmefunga duka mapema, na hapa Moshi saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya wateja.

Niliombwa nizungumzie motisha kwa wafanyakazi. Nitaanza na debe la kahawa, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Nilisimamia shamba huko Kibosho kwa miaka kadhaa. Msimu mmoja kahawa ilizaa sana ikaiva kwa mkupuo, nikaona dawa ni kupandisha malipo ya kuchuma kila debe. Wiki ya kwanza nilifurahi, madebe yaliongezeka. Wiki ya pili nilipita kwenye vichanja vya kuanikia nikawakuta akina mama wanaochambua bado wameinama, na giza linaingia. Walikuwa wanatoa mbichi. Kijana anayetafuta madebe saba kwa siku hana muda wa kuchagua tunda moja moja. Anashika tawi juu, analikamua mpaka chini: nyekundu, njano, kijani na majani yake, vyote ndani ya debe. Na tawi lililokamuliwa hivyo linajeruhiwa, mwakani utaliona.

Alikuwepo mama mmoja, mchumaji wa siku nyingi. Yeye alileta madebe matatu tu, lakini ukilimwaga debe lake unaona jekundu tupu. Jioni ile alinifuata. Hakudai hela. Alisema, "Mwanangu, naona siku hizi hapa anayejua kahawa ni sawa na asiyejua."

Maneno yale yalinichoma. Tukabadilisha: debe jekundu likapata bei yake, la mchanganyiko likashuka. Halafu nikamwomba yule mama azunguke na wachumaji wapya siku zao za kwanza. Kijana alibadilika kwa sababu ya bei. Mama alibadilika kwa sababu ujuzi wake ulionekana mbele ya watu. Akaanza kufika asubuhi kabla yangu. Shamba moja, kazi moja, hesabu mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliona kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayomchangamsha ni mambo mawili mbalimbali. Mshahara mbovu na msimamizi wa kufokafoka humkera; ukiyaondoa hayo, anatulia, basi. Kinachomchangamsha ni kufanikisha kazi, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana. Nakubaliana nao, lakini si kwa wote. Wale walikuwa wahandisi na wahasibu, watu wa mshahara wa mwezi. Kibarua asiyejua kama kesho ataitwa, kwake hela ndiyo usingizi. Usimgawie fulana yenye jina la kampuni wakati anakudai wiki mbili. Mlipe siku uliyosema, mengine yafuate.

Hata vibarua wenyewe hawafanani. Pale shambani wenye watoto waliniomba niwashikie sehemu ya malipo mpaka Januari, ya sare na madaftari. Kijana mwenye pikipiki alitaka chake kila jioni.

Na hizo pikipiki zitazameni vizuri, zina somo kubwa. Mwendesha bodaboda wa hesabu anampelekea tajiri fedha yake kila siku, na chombo kinabaki cha tajiri. Mwenzake wa mkataba analipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake. Nendeni kijiweni mchana kusipokuwa na abiria. Wa mkataba utamkuta na kitambaa anafuta tangi, anakagua mnyororo, amevalisha kiti kava jipya. Hakuna aliyemwambia. Lakini na mkataba una ubaya wake: tajiri akiweka kwamba siku chache ukishindwa kulipa chombo kinarudi, yule kijana ataendesha usiku wa manane akiwa anasinzia. Hapo hofu ndiyo inayomwendesha, nami naomba mwenye tabia hiyo aiache.

Wenye kampuni za kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro mpo, nawaona. Mnawajua wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, kwa kilo: mwisho 20, getini kuna mzani. Niliwahi kuzungumza na wawili waliolala hema moja. Mdogo alikuwa na daftari ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe, ameandika maneno ya Kijerumani, moja moja, na maana yake pembeni. Anataka kupanda cheo, aje awe msaidizi, kisha muongoza watalii kamili. Mwenzake, mkubwa kwa umri, hataki hayo kabisa. Anataka masika, wageni wanapopungua, awe shambani kwake apande maharage, na wageni wakirudi aitwe bila kubembeleza mtu. Ukimpeleka huyu kwenye kozi ya lugha utakuwa umemwadhibu. Ukimwambia yule mdogo "wewe ni mgumu hodari" miaka mitano mfululizo, atahama.

Nimalizie na Desemba, maana kila mwaka ndiko tunakogombana. Wageni wa mlima wanajaa mwishoni mwa mwezi, na wiki hiyo hiyo ndugu wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar na Mwanza. Mwajiri anaahidi malipo mara mbili, mtu anakataa, anaitwa mvivu. Ndugu zangu, wiki ile si ya kuchinja mbuzi tu. Ndipo ukoo unapokaa: mashauri ya kihamba, yaani shamba la ukoo, nani ajenge wapi, nani atunze mzee. Asiyekuwepo anaamuliwa. Hakuna malipo mara mbili yanayofidia hilo. Lakini yupo na mwingine ambaye hana wa kumngoja mwaka huu na angefurahi kupanda mlima. Waulizeni Oktoba, mmoja mmoja, si mkutanoni.

Mama pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja kihamba. Karibu mama, mpeni nafasi wote wamsikie.