Jina la Nani Kwenye Boksi? Nvidia, Asus na Miezi Miwili ya Mwaka 2018

REHEMA: Karibuni tena katika kipindi chetu. Selemani ameingia studio na daftari lake, na wasikilizaji wetu wa zamani wanajua maana yake. Leo tumepanga mambo matatu: namna ya kukagua kadi ya grafiki iliyotumika, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha za skrini, kabla ya kutoa pesa, kesi ya Intel, mtengenezaji wa chipu, na Tume ya Ulaya, chombo kinachosimamia ushindani katika Umoja wa Ulaya, na kile ambacho Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inasema kuhusu mikataba ya kumfunga muuzaji. Lakini kaka Selemani, juzi ulinipigia simu kutoka Kariakoo, na sauti yako haikuwa ya mtu aliyekwenda kununua kitu tu.

SELEMANI: Asante, dada Rehema. Nilikwenda na mpwa wangu, yule anayejifunza kuhariri video, tumtafutie kadi yenye memori ya kutosha kwa bei anayoimudu. Tukakuta moja iliyotunzwa vizuri, RX 580 ya gigabaiti 8, boksi lake lipo na jina la Asus limeandikwa. Kilichomtia kijana shaka ni neno kubwa lililokuwa kwenye boksi: AREZ. Yeye alitarajia kuona ROG Strix, kutoka ROG, chapa ya gemu ya Asus, kwa sababu kadi za Asus za daraja hilo alizozisoma mtandaoni zote zina jina hilo. Tulipomwonyesha picha muuzaji wa duka la pili, alitujibu pale pale kwamba hiyo ni feki. Hakuwa na nia mbaya, hakuwahi kuiona tu. Ikabidi nimweleze mpwa wangu kwamba jina lile ni la Asus kweli, na kwamba lilizaliwa kutokana na mgogoro uliodumu miezi miwili tu, mwaka 2018.

REHEMA: Basi tueleze na sisi, maana si kila msikilizaji alikuwa anafuatilia mambo hayo wakati ule.

SELEMANI: Tarehe 1 Machi 2018 Nvidia, kampuni ya chipu za grafiki zinazoitwa GeForce, ilitangaza mpango ulioitwa GeForce Partner Program, ambao watu wa fani waliufupisha kuwa GPP. Ili uuelewe, ujue kwanza kwamba kadi nyingi zenye chipu ya Nvidia haziuzwi na Nvidia. Yenyewe inasanifu chipu, viwanda kama TSMC vinaitengeneza, halafu kampuni kama Asus, MSI na Gigabyte za Taiwan zinainunua, zinaunda bodi, zinaweka vipoza joto na feni, zinaandika jina lao kwenye boksi na kubeba dhamana mbele ya mteja. Kampuni hizo tatu zilifanya kazi hiyo hiyo kwa chipu za Radeon za AMD, mshindani wa Nvidia. Nvidia ilisema mpango wake unaleta uwazi, ili mcheza gemu ajue anachonunua, na kwamba mshirika yuko huru kuuza bidhaa za mtu yeyote na kujitoa wakati wowote. Wiki moja baadaye, tarehe 8 Machi, Kyle Bennett wa HardOCP, tovuti ya habari za vifaa vya kompyuta, aliandika kwamba amesoma nyaraka za mpango huo, na kwamba zinamtaka mshirika aitenge chapa yake ya gemu kwa ajili ya GeForce peke yake.

REHEMA: Tutaje pia alichopata mshirika aliyekubali, kwa sababu hakuombwa bure. Alipata fedha za kutangaza bidhaa, punguzo la mauzo, gemu za kuambatanisha na kadi, na kazi ya pamoja na wahandisi wa Nvidia kabla chipu mpya haijatoka. Na Bennett mwenyewe aliandika kwamba habari hiyo aliletewa na AMD, ambayo ilikuwa imeizungusha kwa vyombo vingine pia. Mshindani ndiye aliyepiga mbiu.

SELEMANI: Alilisema waziwazi, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini aliyeleta habari habadilishi kilichoandikwa kwenye mkataba, na dalili zilianza kuonekana madukani. Gigabyte ilikuwa na kisanduku cha nje chenye kadi ndani, cha kuunganisha na kompyuta mpakato. Kile cha GTX 1080 ya Nvidia kilibeba jina la Aorus, chapa ya gemu ya Gigabyte, lakini cha RX 580 ya AMD kilitoka bila jina hilo. Kisha tarehe 17 Aprili Asus ikatangaza kwamba Radeon zake zitahamia kwenye chapa mpya, AREZ. Hakuna aliyesimama hadharani kusema kwa nini.

REHEMA: Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu wengi walilia kuhusu GPP bila kujiuliza swali la kibiashara. Mimi ninaagiza vifaa vya simu, na nimesaini mikataba ya uwakala. Mtu akinipa pesa ya mabango, akanifundishia wauzaji wangu, akanipa mzigo mpya kabla ya wengine, ana haki ya kuniomba kitu. Tazama friji la soda katika duka la mtaani. Kampuni imelileta, imelipaka rangi yake, pengine imepaka na ukuta wa duka. Je, si haki yake kukasirika ikikuta humo ndani soda ya mshindani wake?

SELEMANI: Friji ni lake, ndiyo. Lakini GPP haikuomba friji. Iliomba jina la duka.

REHEMA: Tofauti iko wapi, ikiwa jina hilo limekua kwa pesa ya matangazo yake?

SELEMANI: Halikukua kwa pesa yake peke yake. Asus ilianzisha ROG mwaka 2006. Mwaka 2009 ilitoa kadi iliyoitwa Mars, yenye chipu mbili za GeForce, na mwaka 2010 ikatoa nyingine iliyoitwa Ares, yenye chipu mbili za Radeon, zote chini ya ROG. Mtu aliyenunua Ares kwa gharama kubwa alichangia heshima ya ROG sawasawa na yule aliyenunua Mars. Nvidia ilipotaka chapa hiyo ielekezwe kwa GeForce tu, ilikuwa inataka akiba ambayo hata wateja wa Radeon walikuwa wameiweka.

REHEMA: Nimekusikia, lakini turudi kwenye friji, kwa sababu hilo sikulitoa hewani. Mahakama zimewahi kuliamua. Huko Ireland kampuni ya HB, iliyokuwa chini ya Unilever, iliwapa wenye maduka majokofu ya aiskrimu bila malipo, kwa sharti kwamba aiskrimu ya HB peke yake ndiyo ikae humo. Mars, kampuni ya chokoleti na si kadi uliyoitaja, ikalalamika kwamba aiskrimu yake haina pa kuwekwa.

SELEMANI: Na Mars ikashinda, dada yangu. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya iliamua kwamba sharti hilo linavunja sheria, na mwaka 2003 mahakama ikaunga mkono. Sababu ndiyo ninayoitaka mimi: karibu asilimia 40 ya maduka yalikuwa na majokofu ya HB tu, na mwenye duka dogo hana nafasi wala sababu ya kuongeza jokofu jingine. Kwenye karatasi alikuwa huru, kwa sababu angeweza kulirudisha jokofu siku yoyote. Katika maisha ya kawaida halirudishi. Maneno ya Nvidia kwamba mshirika anaweza kujitoa wakati wowote ni maneno hayo hayo.

REHEMA: Hapana, umeruka jambo. Kilichoiponza HB ni nafasi. Jokofu likijaa limejaa, na duka halina ukuta wa ziada. Majina hayana ukuta. Asus ilikosa nafasi ya jina jingine? Ilibuni AREZ katika wiki chache. Kadi ya Radeon iliendelea kutengenezwa, ikawekwa kwenye rafu ile ile na ikauzwa. Mars ilifungiwa mlango wa jokofu, lakini AMD haikufungiwa mlango wowote.

SELEMANI: Duka la pili la Kariakoo limekujibu. Kadi nzima, halali, imeitwa feki kwa sababu jina lake halina historia. Jina jipya linapatikana bure, lakini kuaminika kunachukua miaka. Mcheza gemu anayesimama mbele ya rafu anaona ROG upande mmoja, na upande wa pili anaona neno asilolijua. Anachukua ROG, na wala hajalinganisha kasi ya chipu.

REHEMA: Basi AMD ingetoa pesa yake kulijenga hilo jina jipya. Ushindani ni huo. Huwezi kumlazimisha mwenye fedha za matangazo azitumie kumnyanyua mpinzani wake chini ya bango moja.

SELEMANI: Hakuna anayemlazimisha kutoa fedha hizo. Ninachosema ni kwamba mwenye zaidi ya nusu ya soko la kadi za grafiki, akiweka sharti la namna hiyo, mshirika hana nafasi ya kukataa. Ukumbuke hali ya mapema 2018: wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanazoa kadi, bei zilipanda, na kila mtengenezaji alikuwa anagombania mgao wa chipu. Bennett aliripoti kwamba kampuni alizozungumza nazo zilihofia kupunguziwa mgao zisipojiunga. Hofu hiyo haikuhitaji kuandikwa kwenye mkataba ili ifanye kazi.

REHEMA: Hofu si ushahidi. Na nguvu ya soko peke yake si kosa kisheria. Kosa ni kuitumia vibaya, na hilo linapaswa kuthibitishwa. Hata Coca-Cola, ambayo Tume ya Ulaya ilikuwa inaichunguza kuhusu majokofu hayo hayo, haikuamriwa mwaka 2005 kuyaondoa. Iliahidi kwamba mahali ambapo duka halina jokofu jingine, muuzaji aruhusiwe kutumia asilimia 20 ya nafasi kwa vinywaji vya wengine. Unaona busara hiyo? Jokofu lilibaki lake, mwenye duka akapata pumzi. GPP ingeweza kurekebishwa namna hiyo.

SELEMANI: Asilimia 20 ya jina ni ipi? Friji unaweza kuligawa kwa rafu. Chapa ama imo kwenye boksi ama haimo. Ndiyo sababu ninaona sharti la GPP lilikuwa zito kuliko la friji, si jepesi.

REHEMA: Nami ninaona lilikuwa jepesi zaidi, kwa sababu bidhaa yenyewe haikuondolewa sokoni. Hapa hatutakubaliana.

SELEMANI: Hatutakubaliana. Ila usisahau mshirika. EVGA, kampuni nyingine ya kuunda kadi, iliuza kadi za Nvidia peke yake kwa miaka mingi, na Septemba 2022 ilitangaza kuachana kabisa na biashara ya kadi za grafiki, ikilalamikia faida ndogo na kuchelewa kuambiwa bei. Aliyejifunga kwa mmoja hana wa kumtishia siku mambo yakiharibika.

REHEMA: EVGA haikufungwa na yeyote. Ilichagua, na ilipotoka ikasema haiendi AMD wala Intel. Mfano huo unanisaidia mimi. Na GPP yenyewe ilikufa bila hakimu: tarehe 4 Mei Nvidia ilisema uvumi na maneno yasiyo ya kweli yamevuka mbali nia ya mpango, kwa hiyo inaufuta badala ya kupambana nao. Wanunuzi walipiga kelele, waandishi waliandika, na kampuni ikarudi nyuma. Baadaye mwaka huo huo wa 2018 RX 590 ya Asus, kadi ya Radeon, ilitoka ikiwa ROG Strix. Soko lilijirekebisha.

SELEMANI: Hilo ndilo linalonihuzunisha, si la kunifariji. Kwa kuwa hakuna chombo kilichotoa uamuzi, hakuna mtengenezaji wa kadi leo anayeweza kunyoosha kidole kwenye hukumu na kusema, sharti hili mlishakatazwa. Kelele zilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mwandishi aliyepata nyaraka na mshindani mwenye uwezo wa kumpelekea habari. Mpango ungefanyika kimyakimya, kwa mazungumzo ya mtu na mtu, nani angejua?

REHEMA: Unataka hukumu kwa jambo ambalo limeshaachwa?

SELEMANI: Ninataka jibu. Mtu anayeagiza kadi kuja hapa nchini analihitaji sawasawa na Asus.

REHEMA: Fundi wetu ananionyesha saa. Ukaguzi wa kadi iliyotumika hatukuugusa kabisa, na sheria yetu ya 2003 nayo imebaki kwenye daftari. Kesi ya Intel haiwezi kuingia katika muda huu uliobaki.

SELEMANI: Inauma, kwa sababu Intel ndiyo kesi iliyo jirani zaidi na hii. Punguzo kwa watengenezaji wa kompyuta Dell, HP, Lenovo na NEC ili wanunue karibu chipu zao zote kwa Intel, na faini ya euro bilioni 1.06 mwaka 2009. Ingenimalizia hoja yangu.

REHEMA: Faini ambayo ilifutwa mwaka 2022, kaka, kwa sababu Tume haikuthibitisha vya kutosha kwamba punguzo lile liliweza kumfungia AMD nje ya soko. Ndicho nilichokuambia kuhusu ushahidi.

SELEMANI: Ilifutwa yote, lakini kosa la kuwalipa watengenezaji ili wacheleweshe kompyuta zenye chipu za AMD halikufutwa, na mwaka 2023 Tume ikatoza upya euro milioni 376 kwa kosa hilo. Kulipa ili bidhaa ya mwenzako ichelewe, na kulipa ili ipoteze jina lake, kwangu ni ndugu.

REHEMA: Kwangu si ndugu hata kidogo. Njoo na uamuzi wako wa 2023, nami nitakuja na hukumu ya Oktoba 2024, ambapo mahakama ya juu kabisa ya Umoja wa Ulaya iliikatalia Tume rufaa yake kuhusu lile punguzo.

SELEMANI: Nitakuja nao, na nitakuomba usome sehemu inayohusu HP kabla hatujaketi.

REHEMA: Nimeshaisoma. Wasikilizaji, tukutane wiki ijayo.