Tangi, Ghala, Mlango, Kisha Gunia la Sukuma

ODONGO: Karibuni kipindini. Leo tuko nyumbani: bomba likikauka, bei ya posho, yaani unga wa mahindi, ikipanda, na usiku mtu akigusa mlango. Kuna mtu hapa anataka kuwaudhi wapenda bustani.

NAMUKASA: Siwaudhi, nawapanga foleni. Mjini kila anayetaka kujitegemea anaanza na gunia la sukuma, lile la udongo lililopandwa mboga. Sukuma ni mboga, ssebo. Mtu mzima anahitaji kama gramu 400 za nafaka kwa siku, na hakuna uwanja wa nyumba hapa Kampala, uwe wa Kireka au Kawempe, utakaozitoa. Maji kwanza, nafaka pili, mlango tatu. Gunia litangoja.

ODONGO: Haya, maji. Weka lita 15 kwa kila mtu kwa siku: kunywa, kupika, kunawa na kuoga kwa ubahili. Watu watano ni lita 75, karibu jerikani nne. Kwa wiki moja ni lita 525. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 linakupa kama siku 13, mradi hakuna anayefua mapazia.

NAMUKASA: Na paa lako linaweza kulijaza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 inatoa lita 960. Toa moja ya tano kwa maji yanayoruka na kuvuja, unabaki na lita 768. Mvua mbili za namna hiyo, tangi linafurika.

ODONGO: Huku kusini mwa Uganda mvua zinakuja misimu miwili, Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba au Desemba. Kaskazini ni msimu mmoja mrefu, kisha kiangazi kikali. Mtu wa Karamoja, kule kaskazini mashariki, asinunue tangi kwa hesabu ya mtu wa Kampala. Akiba yake lazima imvushe miezi, si wiki.

NAMUKASA: Sasa gata. Ziteremke nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita. Zikilala sawa, maji yanatuama katikati, mbu wanazaana, halafu gata inapinda kwa uzito. Lakini ninapotaka tukae ni kwenye yale maji ya kwanza.

ODONGO: Eeh, hapo mafundi wengi wanapita mbio.

NAMUKASA: Maji ya kwanza yanaosha paa. Mna vumbi, kinyesi cha ndege, majani, mjusi aliyekufa. Usiyaache yaingie tangini. Kwa paa letu la mita 48, mwaga walau nusu milimita ya mwanzo, yaani lita 24. Bomba la inchi nne likisimama wima linabeba karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo unahitaji mita 3. Unaweka kiungo cha T kwenye bomba linaloelekea tangini: tawi moja linashuka kwenye hilo bomba lililozibwa chini, jingine linakwenda tangini. Uchafu unajaza bomba la wima kwanza, likijaa maji yanayofuata yanapita juu yake.

ODONGO: Nyumba ikiwa fupi?

NAMUKASA: Mabomba mawili ya mita moja na nusu, yameunganishwa juu. Kitu ambacho hukosi kukuta kimesahauliwa ni tundu. Kwenye kifuniko cha chini toboa tundu la milimita 2 au 3 ili bomba lijimwage taratibu baada ya mvua. Bila tundu linabaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote unakwenda moja kwa moja tangini. Na kifuniko kiwe cha kufungua kwa mkono, kwa sababu tundu litaziba tope.

ODONGO: Chini ya tangi nako kuna kilio. Lita 1,000 ni tani moja. Ukiliweka juu ya matofali yaliyopangwa kwa nafasi, plastiki inabonyea kwenye mapengo na kupasuka kitako. Jenga jukwaa tambarare la zege, pana kuliko kitako cha tangi, juu ya maramu iliyoshindiliwa. Koki ikae kama sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, tope libaki chini. Wavu wa mbu kwenye mdomo wa kuingilia na wa kufurikia. Na lisipenye mwanga, maana mwanga ndio unaoleta ukijani.

NAMUKASA: Hata hivyo, ya kunywa chemsha. Yaache yatokote kabisa. Kama makaa yameisha, tumia jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato wala rangi. Soma chupa. Kama imeandikwa asilimia 3.5, nusu kijiko cha chai kwenye jerikani ya lita 20, tikisa, ngoja dakika 30. Baadaye inatakiwa uisikie harufu kidogo. Usipoisikia, rudia kipimo hichohicho mara moja na ungoje tena. Isipotokea hata hapo, tafuta maji mengine.

ODONGO: Na maji ya tope usiyawekee jiki kabla ya kuyaacha yatulie na kuyachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Tope linaila dawa, vijidudu vinabaki.

NAMUKASA: Jiki yenyewe inachoka. Ikikaa dirishani miezi mingi, unatia maji ndani ya maji. Iweke gizani, na uandike tarehe ya kuinunua.

ODONGO: Ukikosa vyote viwili kuna jua. Chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, zimelazwa juu ya bati saa 6 za jua kali. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku 2. Haya, tuingie ghalani.

NAMUKASA: Usiweke akiba ya unga. Unga unachacha, unapata wadudu, unavuta harufu ya mafuta ya taa ya jirani. Weka mahindi, usage ya wiki mbili tatu. Watu watano kwa gramu 400 ni kilo 2 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 100 ni siku 50 ukisaga bila kukoboa. Ukitaka unga wa namba moja, ule mweupe uliokobolewa, sehemu kubwa inabaki kinuni kama pumba na hesabu yako inavunjika.

ODONGO: Na gramu 100 za maharagwe kwa kila mtu ni nusu kilo kwa siku, kilo 15 kwa mwezi. Ongeza mafuta na chumvi. Tatizo si kununua, dada, tatizo ni kwamba mwezi wa tatu unafungua gunia unakuta vumbi na fukusi.

NAMUKASA: Na kibaya kuliko fukusi ni sumukuvu, kwa sababu huioni wala kupika hakuimalizi. Kuvu inapenda unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 na kidogo. Kipimo cha bei nafuu ni chumvi. Chukua chumvi, ikaange kwenye sufuria kavu juu ya sigiri, yaani jiko la makaa, mpaka ikauke kabisa, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya hiyo chumvi, funga, tikisa dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, yapita asilimia 15, yarudi juani. Ikianguka chini yote, yako chini ya asilimia 15; yaanike kidogo zaidi yafike 13, kisha uyahifadhi.

ODONGO: Watu wanaharibu kipimo wakitumia chumvi ya mezani jinsi ilivyo. Chumvi yenyewe ina unyevu, inaganda hata kwa mahindi makavu. Au chupa imetoka kuoshwa.

NAMUKASA: Juani ni juu ya turubai, si juu ya udongo, na yasipande zaidi ya sentimita 5. Geuza mara kwa mara. Mvua ikinyesha jioni, kuyafunika palepale uwanjani hakutoshi, maana yanavuta ukungu wa usiku. Yaingize ndani.

ODONGO: Kisha mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki nene ndani, mmoja wa kusokotwa nje. Njia hii ilianza kwa kunde kule Cameroon miaka ya 1980, kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wenzao wa huko. Haina dawa yoyote. Wadudu wanaitumia hewa iliyobaki, inawaishia, wanakauka. Jaza mfuko wa ndani kabisa, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba ya mpira. Rudia kwa wa pili, kisha wa nje. Usiufungue miezi miwili ya kwanza.

NAMUKASA: Ndiyo maana mfuko wa kilo 100 ni kosa kwa nyumba ndogo. Ukiufungua kila Jumamosi, kila Jumamosi unawapa fukusi pumzi mpya. Chukua mifuko ya kilo 50 au chini yake. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na paka aruhusiwe kuingia. Panya akitoboa tundu moja, shughuli imekwisha. Na mahindi yenye unyevu ndani ya mfuko huo yanaoza, mfuko haukaushi kitu.

ODONGO: Maharagwe yana hila yake. Jerikani safi, kavu, jaza nusu, uivingirishe sakafuni mizunguko michache asubuhi na jioni. Kiluwiluwi cha mdudu kinahitaji muda mrefu mahali pamoja ili kitoboe harage. Ukikivuruga kila mara, kinachoka na kufa kabla hakijaingia. Watoto wanaifanya kazi hii vizuri mno.

NAMUKASA: Sasa gunia, nimekuruhusu.

ODONGO: Kwa ufupi basi. Gunia la kilo 100. Udongo sehemu 3, samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza sehemu 2, mchanga sehemu 1. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, iache ioze miezi kadhaa. Katikati weka kopo la mafuta lisilo na kitako, lijaze mawe, zungushia udongo, vuta kopo juu, jaza tena, mpaka upate nguzo ya mawe toka chini hadi juu. Maji unamimina kwenye nguzo hiyo. Bila nguzo, mimea ya chini inakauka wakati ya juu inaoza. Toboa matundu kwa kupishana, shubiri moja kati ya tundu na tundu.

NAMUKASA: Panda nini?

ODONGO: Sukuma matunduni; juu dodo, yaani mchicha, na nakati, mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu. Dodo unaanza kuchuma ndani ya mwezi, nakati kama miezi miwili. Sukuma vunja majani ya chini, acha matano ya juu. Wadudu mafuta wakija, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita ya maji, nyunyiza chini ya jani, jioni. Inatosha.

NAMUKASA: Umeme nao neno moja: ukikatika, usiingize sigiri chumbani kwa ajili ya joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu wanalala wasiamke. Mlango sasa.

ODONGO: Milango yetu mingi ni ya chuma, inafunguka nje, bawaba ziko upande wa mwizi. Anakata pini, kufuli yako ya bei mbaya inabaki inatazama tu. Mpe mchomeleaji kipande cha nondo ya milimita 12. Akate vijiti viwili vya sentimita 3, avichomelee kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, atoboe fremu mkabala navyo. Mlango ukifungwa vinaingia matunduni. Bawaba zikikatwa, mlango haung'oki.

NAMUKASA: Na fremu yenyewe. Masikio yake yanatakiwa yazamishwe ukutani kwa zege. Ukigonga ukingo wa fremu ukasikia mlio wa tupu, nyuma kuna pengo limezibwa na udongo, na mtaimba kwa chuma kimoja tu kinatosha kuing'oa.

ODONGO: Kuna kosa la kinyume chake, nyumba imefungwa hadi imekuwa mtego. Nondo madirishani kote, moto ukiwaka jikoni hakuna pa kutokea. Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo za bawaba, zinazofungwa kwa kufuli kwa ndani. Ufunguo uning'inie msumarini, urefu ambao hata mtoto anafika, lakini mbali na dirisha kiasi kwamba mkono wa mtu wa nje haugusi. Kila mtu nyumbani aufungue gizani mara moja ili mikono izoee.

NAMUKASA: Usiku ukisikia koki ya nje inamwaga maji, au kuku wanapiga kelele, usitoke. Washa taa ya nje kwa swichi ya ndani, kusanya watoto chumba kimoja, piga 999 au 112, kisha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Namba yake iandikwe ukutani, simu huzimika. Filimbi moja kwa kila nyumba, na mkubaliane na majirani mlio gani ni wa hatari.

ODONGO: Kwa nini filimbi, na enduulu, ule ukelele wa kuita majirani, tunayo?

NAMUKASA: Enduulu ni nzuri, inaleta watu. Neno la kuogopa ni "mwizi". Ukilipiga njiani, umati hauulizi, na mtu anaweza kuuawa kwa kufananishwa. Piga kelele za kuomba msaada, taja mahali ulipo, basi.

ODONGO: Na mikono?

NAMUKASA: Simu ikinyakuliwa na mtu wa boda, achia. Usikimbie nyuma yake barabarani. Ukishikwa kifundo cha mkono, usivute nyuma kwa nguvu za bega, kwa sababu hapo unashindana na vidole vinne. Geuza mkono ubavu wake mwembamba uelekee pale kidole gumba cha aliyekushika kinapokutana na vingine, kunja kiwiko, kisukume mbele kuelekea kwake, mkono unachomoka hapo hapo. Kama bado yu karibu, kiganja kwenye pua, kisha ukimbie kunako taa na watu. Ngumi iliyofungwa kwa mtu asiyezoea inaweza kuvunja vidole vyake mwenyewe.

ODONGO: Na ukishikwa kwa mikono miwili?

NAMUKASA: Shika mkono wako ulioshikwa kwa ule mwingine, kama unajisalimia, uvute juu kwa pamoja kupitia kati ya gumba zake. Fanyeni wawili wawili sebuleni, kwanza polepole, halafu mwenzako akaze kwa nguvu zake zote. Akikaza na bado ukachomoka, badilisheni zamu.