Mgeni wa Masaa Machache: Siku Moja Kisiwani

Mwangaluka! Haya, mmejibu vizuri kuliko nilivyotegemea, asanteni. Wale mlioko nyuma sogeeni basi, viti vipo huku, na mzee wetu mwenye kofia naomba uje ukae hapa mbele, wewe umeendesha boti kwenye hili ziwa letu la Victoria kabla mi sijazaliwa kwa hiyo nikikosea utanikata hapo hapo.

Nimeambiwa niongee na nyie vijana mnaosomea utalii, pamoja na wenye boti, kuhusu mgeni anayeshuka melini asubuhi anazunguka kisiwa halafu jioni huyoo kaondoka. Hiyo kazi nimeifanya Zanzibar msimu baada ya msimu kabla sijarudi huku nyumbani Mwanza, ndo sababu nimeitwa, sina digrii ya utalii wala nini. Na nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote nitakuwa nalizungukia hilo hilo: huyu mtu unamuuzia masaa, na masaa yenyewe mwenye nayo ni nahodha.

Kule Unguja inakuwaje. Meli inaingia alfajiri, kama ni kubwa inatia nanga nje, watu wanaletwa na boti ndogo ndogo mpaka bandarini, mpaka wa mwisho amekanyaga nchi kavu imeshagonga saa tatu na kitu, na kwenye karatasi yake ameandikiwa muda wa kuwa ndani ya meli, tuseme saa kumi, sio meli kuondoka saa kumi, yeye awe ndani. Sasa toa foleni ya kushuka, toa foleni ya kurudi, toa jua, toa yule bibi anayetafuta choo na choo kiko mbali, unabaki na masaa matano, sita ukiwa na bahati. Na huyu mtu chai kanywa melini, kitanda kiko melini, chakula cha mchana na cha usiku ameshalipia huko huko. Hoteli haioni hata shilingi. Mgahawa ukijitahidi unauza soda na dafu. Kwa hiyo watu wakisema jamani leo imekuja meli ina watu elfu mbili mji umepata hela, mi huwa nauliza, zimeshukia wapi?

Sasa mawakala wengi wanafanyaje, wanambebesha mgeni kila kitu. Asubuhi boti mpaka kisiwa cha Changuu akaone kobe, wale wakubwa walioletwa kutoka Seychelles mwaka 1919, na lile jengo la jela ambalo wafungwa hawakuwahi kufungwa, likaishia kuwekewa watu wa karantini. Haya rudi mbio, panda gari twende Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, nusa karafuu, nusa mdalasini, paka lile tunda jekundu mdomoni piga picha. Haya mbio Mji Mkongwe, kanisa la Anglikana palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa 1873, na pale anapewa dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano kwa habari kama ile! Mtu bado anajifuta jasho la shambani anaambiwa habari za watu waliofungwa minyororo, halafu kabla haijamwingia, haya twende dukani kwa vinyago. Mi pale nilikuwa naona aibu kabisa, nasema ukweli.

Na kitu kingine kinachouma, Forodhani inaanza kuchangamka jioni, urojo, mishikaki, miwa inakamuliwa, watoto wanajirusha baharini, na muda huo mgeni wetu ameshasimama juu kwenye reli ya meli anaiangalia kwa mbali. Yaani utamu wenyewe wa mahali unaanza akiwa ameshaondoka. Hilo huwezi kulibadilisha, lakini ukilijua hutamuahidi kitu ambacho saa yake hairuhusu.

Kuna wazee wawili mke na mume niliwahi kuwapokea, walikataa ratiba yote. Wakasema tupeleke sokoni halafu tutafutie pa kukaa. Tukaenda Darajani, wakashangaa pweza, wakashangaa bei zinavyopigwa kelele, halafu tukakaa barazani kwa muuza kahawa, vikombe vile vidogo na kashata, tukakaa weee, watu wanapita wanasalimia, yule mama akafundishwa kuitikia shikamoo maana watoto walikuwa wanamuamkia na yeye anacheka tu. Siku nzima ndo hiyo. Walirudi bandarini wakiwa hawana haraka na bado muda ulikuwa unawabakia. Wenzao kwenye basi jingine walirudi wamenuna, wameona vitu vitano na hawakumbuki hata kimoja.

Sawa. Turudi ziwani kwetu.

Najua mtasema huku hakuna meli kubwa za kitalii. Kweli, zile za baharini haziwezi kufika huku, hakuna njia. Ila MV Mwanza, meli yetu ya humu ziwani, imejengwa kubeba abiria 1,200, na wageni wa Serengeti geti la Ndabaka liko barabara hii hii ya Musoma, wengine wanamaliza safari wana siku moja imebaki kabla ya ndege. Huyo ni yule yule wa Unguja. Ana siku moja na kuna mtu mwingine kaishika saa yake. Na ziwa tunalo, kilometa za mraba karibu 68,800, visiwa vimejaa tele.

Swali la kwanza ni kisiwa gani kinaingia kwenye siku moja, na hapa naomba tuwe wakweli. Rubondo hapana. Nasikia watu wanauza Rubondo ya siku moja kutoka Mwanza, mi siielewi. Kile ni kisiwa cha kulala. Sokwe wa pale ni kizazi cha wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960, wanaishi porini kama porini, hawakai getini wanakusubiri wewe, unaweza ukatembea msituni siku nzima ukaishia kusikia kelele zao tu. Mtu mwenye masaa manne ukimpeleka kule unamuuzia hasira.

Saanane ndio. Watu wa Mwanza tunaidharau kwa sababu iko pale pale Capri Point, boti dakika kumi umefika, na tulienda tukiwa shule ya msingi tukaona imeisha. Lakini ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilometa za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake, imepewa jina la mzee Saanane aliyekuwa akilima na kuvua pale kabla serikali haijaichukua miaka ya 1960 iwe bustani ya wanyama. Kuna pimbi kwenye mawe, kuna swala pala, na kuna wale mijusi kichwa cha waridi mwili wa bluu, ambao jina lao la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu, na nyie mnawapita mnawatupia mawe! Mgeni akiambiwa hivyo atapiga picha hamsini. Saanane ni nusu siku, asubuhi kabla mawe hayajapata moto, mchana anakula samaki mjini, jioni uwanja wa ndege. Hiyo inaingia bila kusukumana.

Ukerewe sasa, hapa ndo penyewe na hapa ndo watu wanaharibu. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya hili ziwa, kilometa za mraba kama 530, meli kutoka hapa Mwanza mpaka Nansio, bandari ya kisiwa, ni masaa matatu na zaidi. Kwenda matatu kurudi matatu, umebaki na nini? Na ratiba ya meli imepangwa kwa ajili ya wafanyabiashara na wagonjwa na wanafunzi, haikupangwa kwa ajili yako. Kwa hiyo ama mgeni alale Nansio usiku mmoja, na hapo angalau hela inabaki kisiwani, ama ukodi boti ya kasi ya maana, na ukikodi anza kupanga siku kutokea nyuma. Unaanza na saa ya kurudi. Unamuuliza mzee kama huyu hapa upepo ukoje, maana mchana upepo wa ziwa unaamka na mawimbi yanakua, na usiku mpaka alfajiri ndo dhoruba za radi zinapenda kukaa katikati ya ziwa. Jua huku likisema linazama linazama, hamna kubembelezana. Kwa hiyo unasema saa tisa tumeng'oa nanga Nansio, halafu unarudi nyuma, chakula, kilima, bichi, mpaka unajua asubuhi utoke saa ngapi. Kikizidi kimoja unakikata pale pale mezani. Usisubiri kukikata ukiwa kisiwani mgeni anakuangalia.

Ukinipa mimi siku ya Ukerewe ninachagua bichi ya dagaa na jumba la machifu pale Bukindo, basi. Na kilima cha Handebezyo kama wana miguu. Lile jiwe la Ukara linalocheza nawaachia wanaolala, maana Ukara ni kisiwa kingine cha jirani, ni kivuko kingine tena.

Na bichi ya dagaa angalia mwezi kabla hujaahidi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, ukimleta mgeni siku hizo anakuta mchanga na mbwa. Ukimleta wakati wa giza anakuta kina mama wanaanika, wanageuza, wanagombana na kunguru, watu wanapima kwa ndoo, kazi inachemka. Na usimruhusu anyanyue kamera kama yuko mbugani, wale ni watu wako kazini. Salimieni kwanza, nunueni hata ndoo moja ya dagaa, halafu omba.

Chakula nacho. Mama ntilie wa Nansio hawezi kukutolea sato kumi kwa dakika ishirini, mpigie mkiwa bado kwenye maji, mwambie wako wangapi, mtumie hela kidogo ya kuanzia. Na masaa ya kwenye boti usiyaache yakafa. Eleza sangara alivyopandikizwa humu miaka ya 1950 na furu, wale samaki wetu wadogo, aina kwa mamia wakapotea, eleza Speke alivyofika upande huu mwaka 1858 akalipachika ziwa jina la malkia wake wakati wenyeji wanalo lao.

Jaketi okozi sitaki hata mjadala. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imeshakaribia gati la Ukara, walikufa watu zaidi ya 220, na humu ndani naamini kuna waliopoteza ndugu. Kila mtu avae, na boti ikijaa imejaa, hata kama aliyebaki nje ni shemeji yako.

Haya maswali. Ndiyo, dada wa Kirumba... Anauliza mgeni akitaka kuogelea. Mwambie ukweli, ziwa lina kichocho na sehemu nyingine mamba, asije akasoma mwenyewe akiwa amerudi kwao na ngozi inamuwasha. Kama hoteli ina bwawa mpeleke huko.

Na kaka pale... Meli ikimwacha je? Kule baharini mgeni aliyenunua ziara ndani ya meli anasubiriwa, mara nyingi. Aliyekuja na wewe wa mtaani hasubiriwi, pasipoti yake ikiwa ilibaki chumbani wanaiacha kwa wakala wa meli bandarini na meli inaenda zake, ataifuata kwa ndege kwa hela yake. Kwa hiyo namba ya wakala uwe nayo kwenye simu kabla hujamtoa getini, na ya nahodha wa boti, na ya boti nyingine ya akiba. Huku kwetu ongezea na ya mtu wa kivuko cha Rugezi, maana boti ikikufia Nansio unaweza kuvukia Rugezi mpaka Kisorya ng'ambo ukarudi Mwanza kwa barabara ya Bunda, ni kuzunguka lakini ndege anaiwahi.