Ngoma kwa Kipimo: Mhadhara Uliotolewa Bagamoyo

Shikamooni wazee wetu, vijana, hamjambo. Mji huu una Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na bado watu wazima wengi hapa wanaona ngoma ni ya harusi na watalii. Mama wa miaka 50 akiambiwa na daktari afanye mazoezi, anaona haya kukimbia barabarani, basi anakaa. Tunachosema leo ni kwamba ngoma anayoijua tangu utotoni inamtosha, mradi aicheze kwa kipimo.

Kipimo chenyewe Shirika la Afya Duniani lilikitaja mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na aliyefika miaka 65 aongeze mazoezi ya kuzuia kuanguka, siku tatu au zaidi. Ngoma inabeba yote mawili. Cheza dakika 40, siku nne kwa wiki, umeshafika. Wastani utaujua kwa pumzi. Ukiweza kuimba kiitikio chote bila kukatika, bado hujafika; ukishindwa hata kumjibu jirani yako, umepitiliza. Mpiga chapuo naye ashike midundo 25 kwa sekunde 15, wachezaji wakanyage hatua moja kwa kila mdundo.

Dakika tano za mwanzo ni kutembea tu kwa mdundo, kama msafara wa mdundiko unavyopita mitaani. Usikimbilie kiuno. Viungo havijapata moto.

Sasa chakacha, ngoma ya kiuno ya pwani, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Watu hudhani kiuno kinazungushwa na mgongo. Sivyo, kinaendeshwa na magoti. Simama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga, magoti yalegee kidogo. Inua kisigino cha kulia, goti lile likunjike, uzito uhamie mguu wa kushoto. Hapo nyonga ya kushoto itapanda yenyewe. Badilisha. Anayekaza magoti hana njia ila kuubetua mgongo wa chini, na kesho yake atalalamika kiuno kinawaka. Dawa yake ni kulegeza magoti, kukaza tumbo kidogo na kufanya mzunguko mdogo. Kibwebwe nacho kifungwe kwenye nyonga, chini ya kitovu. Kikibana tumbo, mtu anabaki kuhemea mabegani na kuchoka mapema.

Tazameni na mahali pa kuchezea. Saruji haina msamaha kwa magoti, kwa hiyo hapo vaeni raba na acheni kuruka. Mkeka uliotandikwa juu ya sakafu ndio mbaya kuliko yote: unateleza mguu ukiwa unageuka, goti linapinda. Ufukweni, ngojeni maji yapwe, mcheze kwenye mchanga mgumu. Ule mkavu wa juu unazamisha kifundo.

Wimbo ukiisha, usikae papo hapo. Damu inakuwa imejaa miguuni, na ukisimama ghafla kizunguzungu kinakuja, hasa kwa wanaomeza dawa za presha. Tembea dakika tano.

Na furaha je? Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walichapisha jaribio walilofanya Brazil kwa vijana wa shule. Waliwachezesha kwa makundi, kisha wakawakaza mkono kwa mpira wa kipimo cha presha kuona wanavumilia maumivu kiasi gani, maana mwili unapotoa endofini, kemikali zinazoleta furaha, maumivu nayo hupungua. Waliocheza kwa nguvu walivumilia zaidi, na waliocheza kwa hatua zinazofanana nao walivumilia zaidi. Kila jambo lilifanya kazi yake peke yake. Pia walijisikia karibu zaidi na wenzao. Ndiyo maana tunawaomba mcheze kwa kikundi, mguu mmoja, badala ya kila mtu na simu yake chumbani.

Kuhusu akili, mwaka 2003 ulitoka uchunguzi wa wazee 469 wa New York waliovuka miaka 75. Katika mazoezi yote ya mwili yaliyotazamwa, ni dansi tu iliyoambatana na kupungua kwa ugonjwa wa kusahau. Tusitie chumvi: huenda mwenye akili timamu ndiye anayeendelea kwenda dansini. Lakini kujifunza hatua mpya kunaishughulisha akili, kwa hiyo ongezeni mtindo mmoja kila mwezi.

Wenye kisukari, msicheze pekupeku. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ale kwanza. Akitetemeka na kutoka jasho la baridi, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apumzike. Asiyeweza kusimama achezee kitini, kiti kiegemee ukuta, avipige visigino chini kwa mdundo.

Wapiga ngoma wako tayari uwanjani. Kabla ya kutoka, kila mwenye presha apite mezani apimwe. Atakayekutwa na 180 kwa 110 au zaidi, leo asicheze, aende kituo cha afya.