Nukta za Seurat: kwa nini bluu na njano hazitoi kijani

ELIA: Karibuni tena kipindini. Leo tunakwenda Paris ya miaka ya 1880, kwenye pointilizimu, yaani uchoraji wa nukta. Niko na Dada Zuhura. Dada, kabla hatujamtaja mchoraji yeyote, kuna jambo moja linarudiwa kila mahali na si kweli.

ZUHURA: Si kweli hata kidogo. Wanasema weka nukta ya bluu kando ya nukta ya njano, rudi nyuma, jicho litaona kijani. Halioni kijani, linaona kijivu. Msikilizaji mwenye kadibodi na rangi ajaribu sasa hivi. Kata duara la upana wa sentimita 10, gawa katikati, nusu moja paka bluu ya altramarini, ile iliyokolea, nusu ya pili paka njano. Toboa katikati, pitisha kipande cha penseli, kisha zungusha kama pia ya watoto. Kijivu kitatokea, pengine chenye wekundu kwa mbali.

ELIA: Lakini kwenye palati, ubao wa kuchanganyia rangi, ukikoroga hizo hizo mbili unapata kijani.

ZUHURA: Kwa sababu ukikoroga, rangi zinanyang'anyana mwanga. Njano inameza mwanga wa bluu, bluu inameza mwekundu, kinachobaki kurudi machoni ni kijani. Kwenye pia hakuna kumezana. Mwanga wa njano unafika, wa bluu unafika, na jicho linachukua wastani. Nasema wastani, Kaka Elia, si jumla. Kundi la nukta haliwezi kung'aa kuliko nukta yake iliyo angavu zaidi.

ELIA: Na Georges Seurat, mchoraji aliyeanzisha uchoraji huu wa nukta, alilijua hili?

ZUHURA: Alilisoma. Ogden Rood, mwanafizikia wa Marekani, alitoa kitabu chake cha elimu ya rangi mwaka 1879, na tafsiri ya Kifaransa ikatoka 1881. Majaribio ya visahani vya kuzungusha yamo humo. Seurat, aliyezaliwa Desemba 1859, alikuwa bado kijana mdogo tu.

ELIA: Basi kama nukta hazitengenezi rangi mpya ya kung'aa, alizitaka za nini?

ZUHURA: Hapo turudi nyuma kidogo kwa Michel-Eugène Chevreul. Huyu alikuwa mkemia, msimamizi wa utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, walipokuwa wakifuma mazulia ya ukutani. Kukawa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za Gobelins hazikolei. Akazipima, akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa jirani. Nyeusi ilifumwa kando ya bluu na zambarau, na bluu inaifanya nyeusi iliyo pembeni yake ionekane imepauka, ina umachungwa kidogo. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1839.

ELIA: Kwa hiyo kila rangi inamtupia jirani yake rangi pinzani, ile iliyo kinyume chake.

ZUHURA: Ndiyo. Chukua kipande cha karatasi ya kijivu, kiweke juu ya kitambaa chekundu, utaona kijivu kimeingia ukijani. Kihamishie kwenye kitambaa cha kijani, kitaonekana kina wekundu. Hicho ndicho Seurat alichokitaka. Nukta zake zipo ili zisukumane, na kusukumana kunahitaji ziendelee kuonekana. Ndiyo maana mimi hukasirika nikisikia kwamba nukta zinatakiwa zipotee machoni.

ELIA: Tuipigie hesabu hiyo. Jicho la mtu lenye afya linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Ukigeuza kuwa umbali, nukta inaanza kuyeyuka ukiwa mbali kama mara 3,400 ya upana wake. Nukta ya milimita 1 inataka mita 3 na nusu hivi. Ya milimita 3 inataka mita 10.

ZUHURA: Na chumba cha makumbusho mara nyingi hakikupi mita 10. Unasimama mita 4 au 5, mahali ambapo nukta hazijapotea na wala hazijitokezi sana moja moja. Uso wa picha unatetemeka. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuitazamia.

ELIA: Twende kwenye picha yenyewe ya Seurat, ya Jumapili katika kisiwa cha La Grande Jatte, mtoni Seine. Sasa iko kwenye makumbusho ya Art Institute of Chicago, Marekani. Ina kimo cha sentimita 207 na upana wa 308, karibu ukubwa wa ukuta wa chumba kidogo.

ZUHURA: Na haikuanza kwa nukta! Watu wengi wanadhani alikaa na brashi akadonoa mita 3 za kanvasi kutoka kona hadi kona. Alianza 1884 na michoro midogo, mingi kwenye vibao vya kama sentimita 16 kwa 25, anakwenda kisiwani, anarudi nayo studio. Kwenye kanvasi kubwa alipaka kwanza kwa mipigo ya brashi ya kawaida, ya kulala kwenye maji na ya kukatizana kwenye majani. Nukta zilikuja juu ya rangi ile baadaye, kuanzia 1885 kuelekea 1886. Halafu mwishoni mwa muongo huo akaongeza pindo la nukta kuzunguka picha nzima, rangi ya pindo ikibadilika kulingana na kilicho karibu nalo.

ELIA: Nieleze kipande kimoja. Kile kivuli kwenye nyasi pale mbele.

ZUHURA: Félix Fénéon, mhakiki, alikichambua mwaka ule ule wa 1886 picha ilipoonyeshwa, na uchambuzi wake bado ndio bora. Nukta nyingi ni za kijani cha majani yenyewe yakiwa kivulini. Katikati yake kuna nukta chache za rangi ya machungwa, ni jua linalopenya kidogo. Kuna za zambarau, kuamsha kijani. Na kuna za samawati ambazo hazikutawanywa sawasawa; zinajazana kadiri unavyokaribia mpaka wa kivuli na nyasi zenye jua, kisha zinapungua kadiri unavyoingia ndani. Yaani pale pale mwanga na giza vinapogusana ndipo ugomvi wa rangi unapokuwa mkali. Kila nukta ina kazi yake.

ELIA: Fénéon huyo ndiye aliyewapa Seurat na wenzake jina la neo-impreshonizimu, yaani impreshonizimu mpya.

ZUHURA: Ndiye. Wenyewe hawakulipenda neno la nukta. Paul Signac, mchoraji mwenzake Seurat, alipendelea divizionizimu, yaani kugawanya rangi. Akasisitiza kwamba kudonoa ni mbinu tu. Unaweza kudonoa kutwa nzima na usigawanye rangi hata kidogo.

ELIA: Mchoraji Camille Pissarro naye aliingia, akiwa mkubwa kwao kwa miaka 30 hivi, kisha akaiacha mbinu hiyo karibu na 1890. Kazi ilikwenda taratibu mno, na hisia za papo hapo zilimponyoka.

ZUHURA: Sababu ya haki kabisa. Seurat mwenyewe alifariki Machi 1891 akiwa na miaka 31. Signac ndiye aliyebaki kuibeba, akakuza nukta ikawa kipande cha pembe nne kama kigae. Fanya tena hesabu yako, Kaka: kipande cha sentimita 1.

ELIA: Mita 34.

ZUHURA: Hakuna aliyetarajia utembee mita 34! Kipande kilikuzwa kionekane. Na huko kwa Signac, Saint-Tropez, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1904, ndiko mchoraji Henri Matisse alikoijaribu mbinu hii kabla ya kwenda njia yake.

ELIA: Kuna huzuni moja pale Chicago. Rangi tunazoziona leo sizo alizopaka Seurat.

ZUHURA: Inauma. Alitumia manjano ya zinki, ambayo ni kromati ya zinki. Wakati huo ilisifiwa kwa ung'avu. Ile kromati inaathiriwa na unyevu na moshi wa salfa hewani, na nukta za njano zikageuka kahawia. Zile za machungwa zilizochanganywa nayo zikafifia kuwa udongo, kijani cha nyasi za juani kikawa kama zeituni. Fénéon alilalamika mapema, 1892. Na angalia ubaya wake kwa mbinu hii hasa: picha ya kawaida ikififia, inafifia yote. Hapa mwenza mmoja wa jozi amekufa, na aliyebaki hana wa kusukumana naye.

ELIA: Tuje kwenye mikono sasa. Anayeanza aanze vipi?

ZUHURA: Mraba wa sentimita 10 kwa 10, basi. Karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, rangi za akriliki, na embe moja lililoiva juu ya karatasi nyeupe, taa ikitoka upande mmoja. Ukiachanisha nukta kwa milimita 3, mraba huo unakula nukta kama 1,100. Kwa mwendo wa nukta moja kila sekunde 2, ni dakika 37 kwa tabaka moja la nukta, na utahitaji matabaka mawili.

ELIA: Nyeusi iko?

ZUHURA: Nyeusi iache kabatini. Panga rangi zako kwa mfuatano wa upinde wa mvua, na chini ya kila moja weka ile ile iliyochanganywa na nyeupe, kama Seurat alivyoipanga palati yake. Chora embe kwa penseli, kwa wepesi. Kisha, kabla ya nukta, paka rangi ya chini iliyo bapa: njano upande wa taa, machungwa yaliyokolea upande wa giza, na samawati hafifu kwa kivuli mezani. Subiri ukauke kabisa. Wanaoruka hatua hii wanaishia na weupe wa karatasi ukichungulia kila mahali, na picha nzima inapauka.

ELIA: Na uzito wa rangi?

ZUHURA: Kama mtindi. Ikiwa nyepesi nukta inatambaa, inamshika jirani, mnapata tope. Ikiwa nzito sana, kijiti kinanyanyua kijimkia kinachotupa kivuli chake chenyewe. Tumia kijiti cha meno upande uliokatwa butu. Chovya, dona mara 4 au 5, futa, chovya tena. Ukivuta hadi mara 10 nukta zinasinyaa na utadhani umebadili rangi.

ELIA: Rangi pinzani nazo? Maana embe la njano upande wa giza linataka zambarau.

ZUHURA: Linataka, lakini kidogo. Nukta 1 ya zambarau kwa 10 za machungwa, ongeza hadi 2 karibu na ukingo. Ukiziweka nusu kwa nusu, umetengeneza ile pia ya mwanzo, rangi iliyofifia. Na usizipange kwa mistari; jicho linaona mistari kabla halijaona embe.

ELIA: Ukingo wa embe unapotea kwa watu wengi. Wanaishia kuuchora mstari.

ZUHURA: Usichore mstari. Upande ambao embe lina giza, punguza nukta za nyuma yake, ongeza zilizochanganywa na nyeupe, kwa upana wa nukta 3 tu. Upande ambao embe lina mwanga, fanya kinyume, kolezea nyuma. Seurat alikuwa akifanya hivyo hata kwenye michoro yake ya kreyoni nyeusi, ambako hakuna rangi yoyote. Ukimaliza bandika ukutani, rudi mita 2, halafu songa mbele hatua moja moja hadi uso uanze kutetemeka. Weka alama sakafuni hapo.