Januari na Ghala Tupu

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama hadi mlangoni, nawashukuru kwa kunialika. Mada niliyopewa ni pengo la kipato na nafasi ya mtoto wa kaya maskini kujikwamua. Ni mada pana, nami kwa muda nilio nao nitalishika jambo moja tu, ambalo naamini tumelidharau kwa miaka mingi: fedha humfikia maskini mwezi gani, na hudaiwa mwezi gani.

Tuanze na yaliyokwisha kufanyika, kwa maana si haba. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Watoto waliofunguliwa mlango huo ni wengi, na mimi si mtu wa kuubeza. Ila tukumbuke ada yenyewe ilikuwa kiasi gani: shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 70,000 kwa wa bweni. Yaliyobaki mabegani mwa mzazi ni sare, viatu, madaftari na nauli, na pale ambapo shule ya kata iko mbali na kijiji, kodi ya chumba cha kupanga, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita geto, pamoja na unga na mkaa wa kuishi humo. Mambo hayo yakijumlishwa yanaipita kwa mbali ada iliyofutwa, na karibu yote hudaiwa kwa mkupuo, mwezi mmoja, Januari.

Nimezaliwa katika kaya ya wakulima wa mahindi mkoani Ruvuma. Kule msimu wa mvua ni mmoja kwa mwaka: tunapanda kati ya Novemba na Desemba, na kuvuna kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Julai ghala limejaa na bei iko chini, kwa sababu kila mtu anauza. Ikifika Januari ghala limekwisha, bei ya debe imepanda, na shamba nalo linadai palizi na mbolea ya kukuzia. Nakumbuka marehemu baba akisoma fomu yangu ya kujiunga na kidato cha kwanza kwa mwanga wa koroboi, kidole kikifuata mstari baada ya mstari: godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Alipofika chini alirudi juu, akaanza upya. Hakuwa mtu asiye na kitu, kwani miezi sita kabla ya usiku ule ua wetu ulikuwa na magunia. Hakuwa nacho Januari.

Niliripoti mwezi wa tatu. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupita katika wiki zile za mwanzo ambazo shule huzitenga kumvusha mtoto kutoka Kiswahili cha darasa la saba kwenda Kiingereza cha sekondari. Nilimkuta mwalimu wa biolojia anaendelea na somo kwa lugha ambayo sikuwa naifahamu hata ya kuombea ruhusa ya kutoka nje. Hapo ndipo pengo la wiki chache linapogeuka kuwa la miaka, kwa kuwa anayechelewa mara nyingi ni yule yule ambaye nyumbani hana kitabu wala mtu wa kumwelekeza, na kile alichokikosa hakifundishwi tena.

Hilo si la Ruvuma peke yake. Kagera kuna butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Mtwara na Lindi kuna kangomba, yaani walanguzi kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Jina hubadilika, lakini shida ni ile ile: mkulima anahitaji fedha leo, mnunuzi anazo leo, na tofauti kati ya bei ya leo na bei ya msimu ndiyo riba anayotozwa mtu ambaye benki haimtambui. Serikali imepiga marufuku biashara hizo mara nyingi, nami naelewa sababu zake, lakini marufuku haimpi mama sare ya mtoto. Mwenye mshahara hayajui haya. Kila mwezi una tarehe yake, na kwa sababu ya tarehe hiyo hukopesheka.

Walioligundua jambo hili mapema ni wanawake wa vijijini. Tazameni vikundi vyao vya kuweka na kukopa: vingi huvunja mfuko Desemba, wanachama wakagawana akiba na faida. Hawakufundishwa na mchumi yeyote kuchagua mwezi huo. Je, mipango yetu mikubwa imejifunza kwao? Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, umezifikia kaya zaidi ya milioni 1, na umefungamanisha sehemu ya ruzuku na mahudhurio ya watoto shuleni, jambo jema. Ningependa kuona malipo makubwa zaidi ya mwaka yakitoka kabla ya Krismasi, na hela ndogo zikibaki kwa miezi ya mavuno. Ningependa pia stakabadhi ghalani, yaani hati anayopewa mtu aliyeweka mazao yake kwenye ghala rasmi, imwezeshe mkulima mdogo wa mahindi kukopa dhidi ya magunia yake Julai, ayauze bei ikipanda, badala ya kuwa huduma ya wenye mzigo mkubwa.

Hayo yanahitaji bajeti na vikao. Lakini humu ndani nawaona wakuu wa shule, na kwenu nina ombi lisilohitaji kikao. Mtoto akifika siku ya kufungua bila ndoo wala rimu, pokeeni jina lake, mwonyesheni dawati, akae asikilize siku hiyo hiyo. Ndoo italetwa mahindi yakishavunwa.